Sindano Tano za Yambuku

Mwaka 1976, katika hospitali ya wamisionari pale Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, yaani Kongo ya leo, wauguzi waligawiwa sindano tano kila asubuhi. Hizo tano ziliwahudumia wagonjwa wa nje waliofika kwa mamia, wajawazito waliokuja kliniki, na waliolazwa wodini. Baina ya mgonjwa na mgonjwa sindano ilisuuzwa katika chombo cha maji ya vuguvugu. Kuchemshwa kulingoja jioni, na si kila jioni. Katika mlipuko huo watu 318 waliugua homa ambayo ilikuwa haijapewa jina, na 280 kati yao wakafa. Kati ya wale ambao njia pekee ya kuambukizwa kwao ilikuwa sindano, hakupatikana hata mmoja aliyepona. Hospitali ilifungwa pale wahudumu 11 kati ya 17 walipokwisha kufa. Baadaye ugonjwa uliitwa Ebola, kwa jina la mto wa huko, na ulimwengu ukalikariri jina la mto na kuzisahau sindano. Mhadhara huu unahusu kazi ya mwandishi wa habari wa Kimarekani, Laurie Garrett, na nimetanguliza hesabu hii kwa sababu kazi yake yote, kwa namna ninavyoisoma, ni jibu la swali linalotokana nayo: habari ya Yambuku ilikuwa ipi, kirusi au sindano?

Garrett alizaliwa Los Angeles mwaka 1951, akasomea baiolojia katika Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, kisha akaingia Berkeley kusomea shahada ya uzamivu katika elimu ya bakteria na kinga ya mwili. Hakuimaliza. Akiwa bado mwanafunzi alianza kutangaza habari za sayansi katika redio ya KPFA, na kipindi alichokitengeneza pamoja na mwenzake Adi Gevins kikapata tuzo ya Peabody ya mwaka 1977. Baadaye alifanya kazi katika redio ya taifa ya umma ya Marekani, akajiunga na gazeti la Newsday mwaka 1988, na mwaka 1996 akapewa tuzo ya Pulitzer kwa habari alizoandika kutoka Zaire. Aliongeza tuzo ya Polk mara mbili: moja kwa makala za gazetini, nyingine kwa kitabu. Wasifu wa namna hii husomwa haraka haraka kwenye sherehe, kisha watu wakapiga makofi. Ninachokiona mimi ndani yake ni hoja, na nitaitetea: mwandishi wa habari za sayansi si mkalimani wa wataalamu. Kazi yake ni uchunguzi wa njia, yaani kuuliza ni mlango upi uliachwa wazi hata janga likapita, na nani alikuwa na ufunguo wake.

Nasema hivyo nikijua kwamba katika vyumba vingi vya habari vya Afrika Mashariki fikra ya ukalimani ndiyo iliyotawala. Sayansi huhesabiwa kuwa lugha ngumu ya watu wengine, na mwandishi anasifiwa akiweza kuishusha mpaka kwa msomaji wa kawaida. Wizara au shirika la wafadhili huandaa warsha, wataalamu husoma ripoti, waandishi husaini karatasi ya posho na kuondoka na taarifa iliyokwisha kuandikwa, na kesho yake magazeti matatu yanatoka na aya ile ile. Ukalimani una heshima yake. Mtu aliyetupatia neno kama kingamwili likaeleweka sokoni ametufaa sana. Ila mkalimani mwema hana ruhusa ya kumkatiza anayesema na kumuuliza kwa nini amelinyamazia jambo fulani. Akifanya hivyo ameacha ukalimani. Na ukimya wa namna hiyo, mara nyingi, ndipo habari ilipojificha.

Mwaka 1994 vilitoka Marekani vitabu viwili kuhusu magonjwa haya, na kuvisoma kwa pamoja kunaonyesha tofauti ninayoizungumzia. The Hot Zone cha Richard Preston kilihusu virusi vya jamii ya Ebola vilivyogunduliwa mwaka 1989 katika nyani waliofugwa kwa ajili ya maabara huko Reston, karibu na Washington. Kilisomwa na watu wengi mno, na kwa haki, maana Preston anajua kusimulia. Kitabu cha Garrett, The Coming Plague, kilikuwa kinene, kizito, chenye kutembea kutoka Bolivia hadi Sudan. Preston naye anazitaja sindano za Yambuku, lakini zinapita njiani kama mti unaoonekana kwenye dirisha la basi. Mhusika wake mkuu ni kirusi, kinachonyemelea kama jini. Kwa Garrett kirusi kina kazi ndogo. Wahusika wake ni msitu uliofyekwa, mji uliovimba bila mabomba ya maji, dawa za antibayotiki zilizotumika ovyo, hospitali iliyofunguliwa kwa nia njema bila vifaa. Ni wazi kwa nini cha kwanza kiliwasisimua watu zaidi. Jini hana haja ya bajeti, wala hakuna waziri wa kuulizwa habari zake.

Mwaka mmoja baadaye hoja hiyo ilipata mtihani. Machi 1995 majumba ya sinema ya Marekani yalionyesha filamu ya kirusi cha kutisha kilichotoka Afrika. Mei, mji wa Kikwit, kiasi cha kilomita 500 kwa barabara mashariki mwa Kinshasa, ukawa habari ya dunia. Waandishi walimiminika, Garrett akiwemo. Mlipuko ule uliwapata watu 315, na takriban wanne kati ya kila watano walikufa. Karibu robo ya wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya. Ugonjwa ulikuwa umezunguka kimyakimya tangu Januari, ila ulilipuka pale mfanyakazi wa maabara alipopasuliwa tumbo hospitalini na timu iliyompasua ikaanza kuugua mtu baada ya mtu. Hospitali ya mji wenye watu mamia ya maelfu haikuwa na glavu za kutosha wala maji ya bomba, na utawala wa Rais Mobutu ulikuwa umekwisha kuwasahau watumishi wake. Hapakuwa na chanjo wala tiba. Mlipuko ulikoma hata hivyo: zilipofika glavu, barakoa, magauni ya kujikinga na sabuni, na vijana wa Msalaba Mwekundu walipojitolea kuzika, mnyororo ukakatika. Agosti ulitangazwa kwisha. Ugonjwa uliopewa sura ya mwisho wa dunia ulizuiwa kwa bidhaa za duka la kawaida. Mkalimani angetueleza umbo la kirusi, ambacho chini ya darubini hufanana na uzi uliojipinda. Aliyekuwa akiuliza njia ilimlazimu atueleze bei ya glavu.

Ushahidi ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, hautoki Afrika hata kidogo. Mwaka 1997 Garrett aliandika Newsday mfululizo mrefu wa makala kuhusu afya katika nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovieti, na huo ndio uliompatia tuzo ya kwanza ya Polk. Pale hapakuwa na msitu wala popo. Palikuwa na madaktari wengi kuliko Marekani kwa kulinganisha na idadi ya watu, na vitanda vya hospitali visivyohesabika. Hata hivyo katika muongo ule dondakoo, ugonjwa wa utotoni ambao chanjo yake ni ya zamani na rahisi, uliwapata watu zaidi ya 150,000 katika nchi hizo, na umri wa kuishi wa mwanamume wa Urusi ukashuka kutoka karibu miaka 64 mwaka 1990 hadi chini ya 58 mwaka 1994. Dondakoo haikubadilika. Kilichobadilika ni dola iliyokuwa ikichanja. Kama habari ya sayansi ni habari ya kijidudu, basi Urusi ya miaka ile haikuwa na habari yoyote. Garrett aliziunganisha Kikwit, Urusi, tauni ya Surat nchini India ya mwaka 1994 na idara za afya za Marekani yenyewe katika kitabu kimoja, Betrayal of Trust, kilichotoka mwaka 2000, na kuziweka New York na Los Angeles katika mizani ile ile ya Kikwit kulikuwa ujasiri wa aina yake.

Lipo pingamizi la kwanza, nalo ni zito: kwamba waandishi wa aina hii ni wauza hofu. Ukiyatazama majina ya vitabu vyake, tauni inakuja, imani imesalitiwa, ving'ora vinapiga mayowe, unaweza kudhani unasoma mahubiri ya siku ya kiyama. Hofu ina gharama. Surat watu mamia ya maelfu waliukimbia mji kwa ugonjwa uliowaua watu wasiofika mia moja, na ndege za kwenda India zikasitishwa. Nakubali pia kwamba wakati tulipokuwa tukiogopeshwa kwa Ebola, malaria, kuhara na kifua kikuu viliendelea kuua kwa wingi usiolinganishika. Lakini tutenganishe mambo mawili, utabiri na uchunguzi. Utabiri ni rahisi. Anayesema tauni itakuja hawezi kushindwa, anachohitaji ni kungoja tu. Uchunguzi unaweza kupimwa. Aliyeandika baada ya Kikwit kwamba hospitali isiyo na maji ndiyo inayoukuza mlipuko alisema jambo ambalo lingeweza kuonekana si kweli mwaka 2014, Ebola ilipoingia Guinea, Liberia na Sierra Leone. Liberia ilikuwa na madaktari kama hamsini kwa watu milioni nne. Waliougua katika nchi hizo walizidi 28,600, waliokufa walizidi 11,300, na kirusi kilikuwa cha aina ile ile ya Yambuku. Kwa hiyo hofu ni kosa la mizani, nami namlaumu Garrett kwa kelele za majalada yake, ila uchunguzi wake haukuanguka.

Pingamizi la pili husemwa kwa upole zaidi, hasa na wataalamu: mwandishi asiyemaliza hata shahada yake ana mamlaka gani ya kuhoji? Si bora umma ungoje tamko rasmi? Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Tanzania iliacha kutoa takwimu za Uviko mwanzoni mwa Mei 2020, na kwa zaidi ya mwaka mzima dunia ilisoma idadi ile ile, wagonjwa 509 na vifo 21, kana kwamba ugonjwa umesimama kituoni. Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya vifo vilivyoshukiwa kuwa vya Marburg, homa ya jamii moja na Ebola, mkoani Kagera. Wizara ilijibu kwamba vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Januari 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha kuwepo kwake wilayani Biharamulo. Sisemi haya ili kumshtaki mtu, maana maabara huwa na majibu ya leo na ya kesho. Nasema kwamba tamko rasmi ni chanzo kimojawapo, chenye maslahi yake na saa yake, na anayelitafsiri tu amekubali pia saa ile. Elimu aliyoiacha Garrett njiani Berkeley haikupotea: ilimwezesha kuelewa ripoti bila kungoja kusomewa. Mwandishi hahitaji kumshinda daktari kwa udaktari. Anahitaji kujua kiasi cha kutosha kutambua swali lililorukwa.

La tatu ndilo linalonisumbua. Kwa nini mtu wa Newsday, gazeti la kitongojini Long Island, ndiye atusimulie Kikwit? Daktari Mkongomani Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku mwaka 1976 akachukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, na damu ya mtawa ambaye Muyembe alimpeleka Kinshasa ikatumwa Ulaya. Kwa miaka mingi masimulizi ya ugunduzi yaliwasifu waliopokea chupa ya damu hiyo yakampita aliyeileta. Mwaka 1995 huyo huyo Muyembe aliwaongezea wagonjwa wanane wa Kikwit damu ya waliopona, saba wakaishi. Kutokana na damu ya mmoja wa manusura wa Kikwit, yeye na washirika wake walifikia dawa ya kingamwili iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2020. Habari iliyoanza 1995 ilifikia sura hiyo baada ya miaka 25, wakati waandishi waliokwenda Kikwit walikuwa wameshafunga mabegi zamani. Jicho la mgeni lina upofu wake, na hata lugha humtoroka: sura ya The Coming Plague kuhusu asili ya Ukimwi ina kichwa cha Kiswahili, Hatari: Vinidogodogo. Kiswahili kina vidogo, kina vidogodogo, kina vijidudu. Vinidogodogo hakina, na inaelekea hakuna Mswahili aliyeonyeshwa ukurasa ule kabla haujachapwa.

Hata hivyo pingamizi hili linaipa nguvu hoja yangu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kabla neno Ukimwi halijatungwa watu wa huko waliuita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa cha fahari kilichoingia kwa magendo kutoka Uganda baada ya vita kati ya nchi hizo mbili. Wataalamu wangeweza kulicheka jina hilo. Mimi naliona ni uchunguzi wa njia: wanakijiji hawakukijua kirusi, ila walikwisha kuona kwamba ugonjwa unasafiri na biashara, fedha na vijana wanaovuka mpaka. Halikadhalika kule Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, kati ya 2018 na 2020. Ebola iliwapata watu 3,470 katika eneo ambalo Kiswahili ndicho lugha ya soko na redio, ikaua 2,287. Wakazi wengi walikataa timu za afya, na wageni wakaandika kwamba wamekosa elimu. Walichokuwa wakisema mitaani kilikuwa kingine: Ebola ni biashara. Kwa nini magari haya hayakuja tulipochinjwa na wanamgambo? Mwaka 2019 pekee surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto, na haikuandamana na msafara wa namna hiyo. Ondoa ndani ya uvumi ule madai ya sumu na njama, yaliyowagharimu watu maisha, na utabaki na shutuma ambayo Garrett aliiandika mwaka 2007 katika jarida la Foreign Affairs: kwamba fedha nyingi za misaada hufuata ugonjwa mmoja mmoja ulio na jina kubwa, zikawavuta wauguzi kutoka zahanati ya kawaida, na mtoto wa surua akabaki bila wa kumchanja. Yeye alisomwa na mawaziri. Mama wa Butembo aliandikwa kuwa mkaidi.

Tofauti ya watu hao wawili haimo katika akili, imo katika mfuko na muda. Uchunguzi wa njia ni ghali. Newsday ililipa safari ya Kikwit na miezi ya kuzunguka Urusi, na mwaka 2005, alipoaga gazeti hilo baada ya kuhamia Baraza la Mahusiano ya Kigeni, Garrett aliwaandikia wenzake barua iliyosambaa sana, akilalamika kwamba tamaa ya faida ya wamiliki inakausha kazi ile. Kama gazeti la New York lilishindwa kumlipia mtu muda wa kuuliza, yatakuwaje kwa mwandishi wa mkoani Kagera anayelipwa kwa aya, na ambaye nauli yake inatoka katika bahasha ya yule yule anayepaswa kumhoji? Na fedha si kikwazo pekee: nchini Tanzania marekebisho ya sheria ya takwimu ya mwaka 2018 yaliwatishia adhabu waliotoa takwimu za kupinga zile za serikali, mpaka yalipolegezwa mwaka uliofuata.

Marburg ya Biharamulo ilitangazwa kwisha Machi 13, 2025. Ilikuwa mara ya pili Kagera ndani ya miaka miwili. Katika ile ya 2023, kati ya wagonjwa tisa walikuwamo wahudumu wa afya. Siku ya tangazo kamera hufungwa, na kazi ninayoizungumzia ndipo inapoanza: kupanda basi la Biharamulo mwezi wa nne, wa saba, wa kumi na mbili, kuketi kwenye benchi la zahanati na kuuliza boksi za glavu zilizoletwa mwezi huu ni ngapi, nani alisaini kuzipokea, maji yanatoka bombani au kwenye ndoo, na aliyempokea mgonjwa wa kwanza bado yupo kazini au amehama.